Nani anayesoma ujumbe wako? Serikali, makampuni na mawasiliano ya intaneti

Kwa muda mrefu mtu aliyeihama nchi yake kwa sababu za kisiasa aliamini kwamba akishavuka mpaka, masikio ya serikali aliyoikimbia hayamfikii tena. Barua alizowaandikia jamaa zake ziliweza kufunguliwa posta ya nyumbani, na wageni waliomtembelea waliweza kuhojiwa uwanja wa ndege waliporudi. Lakini mazungumzo yake mwenyewe, akiwa London, Brussels au Toronto, yalikuwa yake.

Hali hiyo imebadilika. Simu ya mkononi na intaneti vimemrudisha karibu na ndugu zake, na wakati huohuo vimemrudisha karibu na wale aliowakimbia. Aliyebaki nyumbani naye anafuatiliwa na wengi zaidi kuliko zamani: serikali yake, serikali za nchi ambazo hajawahi kukanyaga, na makampuni ambayo hata majina yake hayajui.

Makala haya yanaeleza jinsi ufuatiliaji huo unavyofanyika, na yaliyofichuliwa hadi sasa kuhusu Afrika Mashariki na watu wake walioko ng'ambo.

Njia ya ujumbe

Ujumbe wa maneno machache kutoka Dar es Salaam kwenda Muscat hupita mikononi mwa wengi. Kwanza huufikia mnara wa kampuni ya simu, kisha mitambo ya kampuni hiyo, kisha mkongo wa mawasiliano uliolazwa chini ya bahari. Hadi mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti. Mwaka huo mkongo wa SEACOM ulifika katika pwani ya eneo hilo, pamoja na ule wa TEAMS unaoiunganisha Mombasa na Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Mkongo wa EASSy ulifuata mwaka 2010.

Baada ya kuvuka bahari, ujumbe hufika kwenye seva za kampuni yenye huduma inayotumika, ambayo mara nyingi ni ya Kimarekani, ndipo uelekezwe kwa mpokeaji. Hata ujumbe baina ya majirani wawili wa Kariakoo unaweza kusafiri Ulaya au Marekani na kurudi kabla ya kufika nyumba ya pili.

Anayetaka kuunasa ana milango minne: mkongo, seva za kampuni ya intaneti, mitambo ya kampuni ya simu, na simu yenyewe iliyo mfukoni mwa mtu.

Kuna jambo jingine la kulielewa mapema. Kusoma maneno ya ujumbe ni kitu kimoja. Kujua nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani na akiwa wapi ni kitu kingine. Serikali nyingi hudai kwamba taarifa za aina hii ya pili si nzito, kwa kuwa hakuna aliyesikiliza mazungumzo. Wenye kuzitumia hawasemi hivyo. Michael Hayden, aliyepata kuwa mkuu wa mashirika ya kijasusi ya Marekani NSA na CIA, alikiri hadharani mwaka 2014 kwamba nchi yake huua watu kwa kutegemea taarifa hizo.

Nyaraka za Snowden

Mengi yanayojulikana kuhusu milango miwili ya kwanza yanatokana na nyaraka alizozitoa Edward Snowden, mtaalamu wa kompyuta aliyefanya kazi kwa mkataba katika NSA. Magazeti ya The Guardian na The Washington Post yalianza kuzichapisha Juni 2013.

Nyaraka hizo zilionyesha kwamba chini ya mpango ulioitwa Prism, NSA ilikuwa ikipata mawasiliano ya wateja wa makampuni kama Microsoft, Yahoo, Google, Facebook na Apple. Makampuni yalikanusha kwamba yaliipa serikali njia ya kuingia moja kwa moja kwenye seva zao, na kusema kwamba yalitii amri halali tu. Zilionyesha pia kuwa shirika la kijasusi la Uingereza, GCHQ, lilikuwa likichota data kutoka mikongo ya baharini inayopita nchini humo, katika mpango ulioitwa Tempora.

Kwa Waafrika Mashariki, habari iliyowahusu zaidi ilikuja Mei 2014 na haikupewa uzito mkubwa wakati huo. Tovuti ya The Intercept iliripoti kwamba chini ya mpango wa Mystic, NSA ilikuwa ikikusanya taarifa za simu za nchi nzima katika mataifa kadhaa, na Kenya ilikuwa mojawapo. Katika visiwa vya Bahamas mpango huo ulirekodi hata sauti za mazungumzo. Kwa Kenya iliyotajwa ni kumbukumbu za simu: nani kampigia nani, na lini.

Sheria ya Marekani iliyokuwa msingi wa Prism, iliyopitishwa mwaka 2008, inaruhusu kufuatiliwa kwa mtu asiye Mmarekani aliye nje ya Marekani bila amri ya mahakama inayomhusu yeye binafsi. Bunge la nchi hiyo liliirefusha tena Aprili 2024 kwa miaka miwili. Mjadala mkali uliotangulia uamuzi huo ulihusu haki za raia wa Marekani ambao mawasiliano yao hunaswa kwa bahati mbaya. Mkazi wa Kisumu au Bujumbura hakuwamo katika mjadala huo.

Biashara ya kumjua mtu

Makampuni ya intaneti hayakusubiri serikali ndipo yaanze kukusanya taarifa za watu. Ndiyo biashara yao. Mtu anapofungua tovuti, kompyuta au simu yake hupokea faili dogo liitwalo kidakuzi, ambalo huiwezesha kampuni ya matangazo kumtambua atakapofungua tovuti nyingine. Programu za simu huongeza mahali alipo, aina ya simu yake na majina yaliyo katika orodha yake. Taarifa hizo huunganishwa, na tangazo huuzwa kwa yule anayemtaka mtu wa namna hiyo.

Mwaka 2018 dunia ilipata kuona taarifa hizo zinavyoweza kwenda mbali. Ilifichuliwa kwamba kampuni ya Cambridge Analytica, yenye makao London, ilipata data za watumiaji wa Facebook wapatao hadi milioni 87, ingawa waliojaza dodoso lililozalisha data hizo walikuwa watu 270,000 hivi. Waliobaki kosa lao lilikuwa kuwa marafiki wa waliojaza. Mkuu mmoja wa kampuni hiyo alinaswa na kamera ya siri ya televisheni ya Channel 4 akijigamba kuhusu kazi waliyoifanya katika kampeni za Rais Uhuru Kenyatta nchini Kenya, mwaka 2013 na 2017. Facebook ilitozwa faini ya dola bilioni 5 nchini Marekani mwaka 2019. Cambridge Analytica ilikuwa imekwisha fungwa.

Lakini kisa kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi biashara na ujasusi vinavyokutana hakihusu uchaguzi. Novemba 2020 mtandao wa habari wa Motherboard uliripoti kwamba Muslim Pro, programu inayowaonyesha Waislamu saa za sala na uelekeo wa kibla, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya Kimarekani iitwayo X-Mode. X-Mode nayo iliziuza data za aina hiyo, na miongoni mwa wanunuzi walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Programu hiyo ilikuwa imepakuliwa karibu mara milioni 100 duniani. Wenye Muslim Pro walitangaza mara moja kwamba wanaukatisha uhusiano huo, na Januari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliipiga marufuku X-Mode, ambayo ilikuwa imekwisha badili jina, kuuza taarifa za watu kufika mahali nyeti.

Muumini aliyetaka kujua saa ya alasiri hakudukuliwa na mtu. Hakuna mwizi aliyevunja mlango wala jaji aliyetia saini hati. Taarifa zake zilinunuliwa kama mtu anavyonunua mchele. Ripoti ya idara inayosimamia ujasusi wa Marekani, iliyotolewa hadharani Juni 2023, ilikiri kwamba mashirika ya nchi hiyo hununua kwa wingi data za namna hii sokoni. Ambacho sheria ingewataka wakiombee amri ya mahakama, hukipata kwa hundi.

Kampuni ya simu

Kwa mtu aliyeko nyumbani, mlango ulio karibu zaidi si California. Ni kampuni iliyomuuzia laini. Usajili wa laini za simu umekuwa wa lazima katika nchi za Afrika Mashariki, na nchini Tanzania, tangu Januari 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Serikali zinaeleza kwamba hatua hiyo inapambana na utapeli, na utapeli wa simu kweli upo. Matokeo yake mengine ni kwamba kila simu ina jina la mtu, na mnara unajua jina hilo liko wapi.

Ripoti iliyotolewa Machi 2017 na shirika la Privacy International la London ilidai kwamba maafisa wa ujasusi wa Kenya walikuwa na njia ya kuingia katika mitandao ya makampuni ya simu bila kupitia taratibu za mahakama, na kwamba taarifa zilizopatikana zilitumika katika operesheni zilizoishia kwa watu kuuawa.

Madai mazito zaidi yalitoka katika chumba cha mahakama ya kazi mjini London. Mpelelezi wa ndani wa zamani wa kampuni ya Millicom, aliyesema aliachishwa kazi kwa sababu ya yale aliyoyaibua, alieleza kwamba Tigo Tanzania, iliyokuwa mali ya Millicom, iliwapa maafisa wa serikali taarifa za mahali zilipokuwa simu za mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, usiku na mchana, katika wiki zilizotangulia shambulio la Septemba 7, 2017. Siku hiyo Lissu, aliyekuwa mbunge, alipigwa risasi 16 nje ya makazi yake mjini Dodoma. Alitibiwa Nairobi na baadaye Ubelgiji, ambako aliishi kwa miaka kadhaa.

Madai hayo yaliripotiwa na The Guardian Septemba 2024. Millicom ilikana kwamba mpelelezi huyo aliondolewa kwa sababu hiyo. Ilikuwa imekwisha iuza Tigo Tanzania mwaka 2022. Hakuna mtu aliyefikishwa mahakamani nchini Tanzania kwa kumpiga risasi Lissu katika miaka yote iliyopita kabla ya habari hiyo kutoka. Laiti isingekuwa ugomvi wa ajira katika nchi ya mbali, pengine Watanzania wasingalisikia neno lolote juu ya simu hizo.

Wapo waliokataa kutoa taarifa za watumiaji wao. Maxence Melo, mkurugenzi na mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016 baada ya polisi kutaka majina ya watu walioandika humo kuhusu tuhuma za ufisadi. Polisi waliitegemea Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kesi zake ziliahirishwa mara nyingi kupita kiasi, na Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi na kumtoza faini ya shilingi milioni 3. Majina hayakutolewa.

Simu yenyewe

Tangu mwaka 2016 maneno yanayotumwa kwa WhatsApp hufungwa kwa msimbo wa siri tangu yanapotoka kwenye simu ya mtumaji hadi yafike kwenye ya mpokeaji. Anayechota data kwenye mkongo huambulia herufi zisizosomeka. Kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma maneno hayo, ingawa inaendelea kujua nani anawasiliana na nani.

Kwa sababu hiyo wapelelezi wamehamia kwenye simu, ambako maneno husomeka kabla hayajafungwa na baada ya kufunguliwa. Biashara ya kuwauzia serikali programu za ujasusi imekua kutokana na haja hiyo.

Uganda ilitajwa mapema. Oktoba 2015 Privacy International ilichapisha nyaraka ilizosema ni za idara ya ujasusi wa kijeshi, zikieleza kwamba baada ya maandamano ya upinzani ya mwaka 2011 ya kutembea kwa miguu kwenda kazini, serikali ilinunua programu ya FinFisher, iliyotengenezwa na kampuni yenye mizizi Uingereza na Ujerumani. Iliwekwa mitego katika hoteli 21 mijini Kampala, Entebbe na Masaka ili wageni na wanasiasa waliotumia intaneti ya hoteli wanaswe. Operesheni hiyo iliitwa kwa Kiswahili Fungua Macho, jina ambalo mtu angedhani ni la kampeni ya elimu ya watu wazima. Serikali ya Uganda ilikanusha.

Pegasus, ya kampuni ya NSO ya Israel, ilikuja na uwezo mkubwa zaidi. Inaweza kuingia katika simu bila mwenyewe kubonyeza chochote. Ikishaingia husoma ujumbe, huchukua picha na hata huwasha kinasa sauti. NSO husema huiuzia serikali tu, kwa ajili ya kupambana na ugaidi na uhalifu. Hata hivyo Desemba 2021 iliripotiwa kwamba simu za wafanyakazi wasiopungua tisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, waliokuwa Uganda au walioshughulikia masuala ya Uganda, zilikutwa zimeingiliwa kwa programu hiyo.

Miezi mitano kabla ya hapo muungano wa vyombo vya habari na shirika la Amnesty International ulitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya Pegasus. Miongoni mwa waliokutwa na alama zake katika simu zao ni Carine Kanimba, mwenye uraia wa Marekani na Ubelgiji, aliyekuwa akiishi Ubelgiji na kuendesha kampeni ya kuachiliwa kwa baba yake mlezi, Paul Rusesabagina. Rusesabagina, mkosoaji wa serikali ya Rwanda, alikuwa amepanda ndege Dubai Agosti 2020 akiamini anakwenda Burundi, akajikuta Kigali. Alihukumiwa kifungo cha miaka 25 na kuachiliwa Machi 2023. Rwanda imekanusha kwamba hutumia Pegasus.

Katika nchi za Ghuba, ambako maelfu ya Waafrika Mashariki wanafanya kazi, mtego ulichukua sura ya huduma. Simu za sauti za WhatsApp na Skype zilikuwa zimezuiwa katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Mwaka 2019 ilitokea programu iitwayo ToTok, ya bure, nayo haikuzuiwa. Yeyote aliyetaka kuwapigia watoto wake nyumbani bila gharama alikuwa na kila sababu ya kuipakua. Desemba mwaka huohuo The New York Times iliripoti kwamba ilikuwa chombo cha ujasusi cha serikali ya nchi hiyo. Google na Apple ziliiondoa katika maduka yao. Waliyoiunda walikanusha.

Sheria na mahakama

Katiba za nchi za eneo hili zinatambua haki ya faragha. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inahifadhi mawasiliano binafsi, na ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 vilevile. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zina manufaa kwa mteja anayegombana na kampuni ya mikopo ya simu. Linapotajwa suala la usalama wa taifa, zote hufungua upenyo.

Aliyeko uhamishoni hujaribu mahakama za nchi anayoishi, na majibu yamekuwa tofauti. Raia wa Marekani mzaliwa wa Ethiopia, aliyeishi jimbo la Maryland na kujulikana mahakamani kwa jina la bandia la Kidane, aliishitaki serikali ya Ethiopia mwaka 2014 baada ya FinFisher kukutwa katika kompyuta yake. Ilikuwa imefika ikiwa ndani ya waraka uliotumwa kwa barua pepe. Machi 2017 mahakama ya rufaa mjini Washington iliitupa kesi, kwa hoja kwamba kitendo hicho hakikufanyika chote ndani ya Marekani, kwa hiyo Ethiopia ilikuwa na kinga ya dola ya kigeni.

Mahakama Kuu ya London iliona vingine. Agosti 2022 iliamua kwamba Saudi Arabia haina kinga hiyo katika madai ya Ghanem Al-Masarir, mchekeshaji na mkosoaji anayeishi Uingereza, aliyesema simu zake ziliingiliwa kwa Pegasus. Septemba 2023 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mjini Strasbourg iliamua kwamba hata mtu anayeishi nje ya Uingereza, ikiwa mawasiliano yake yamenaswa na Uingereza ndani ya nchi hiyo, ana haki ya kulalamika. Kwa msingi huo mtu wa Mombasa ana mahali pa kubisha hodi, kama ataweza kujua kwamba alinaswa.

Makampuni nayo yameshitakiana. WhatsApp iliishitaki NSO mwaka 2019 kwa kuwalenga watumiaji wake wapatao 1,400. Mei 2025 baraza la mahakama huko California liliamuru NSO ilipe zaidi ya dola milioni 167. Oktoba mwaka huohuo jaji aliipunguza fidia hiyo hadi dola milioni 4 hivi, lakini akaizuia NSO kuilenga WhatsApp tena.

Kinachowezekana

Wataalamu hushauri mambo machache yasiyo na gharama: kuruhusu simu ijisasishe, kwa kuwa kila toleo jipya huziba matundu yaliyogunduliwa, kuzinyima programu ruhusa ya kujua mahali ulipo na orodha ya majina yako isipokuwa pale inapohitajika, na kutofungua viungo visivyotarajiwa hata vikitoka kwa mtu unayemfahamu. Wenye sababu ya kuogopa zaidi hutumia Signal, ambayo haihifadhi kumbukumbu nyingi. Mwaka 2016 wenye Signal walipotakiwa na mahakama ya Marekani kutoa taarifa za mtumiaji, walichokuwa nacho kilikuwa tarehe ya akaunti kufunguliwa na siku ya mwisho ilipotumika.

Hakuna kati ya hayo kinachomlinda mtu dhidi ya simu ya mwenzake. Katika kundi la familia lenye watu thelathini walioko Kigali, Dubai na Lyon, anayetaka kuyasoma mazungumzo huhitaji kuingia katika simu moja tu, na huchagua iliyo rahisi. Baada ya ile ya Kanimba, wachunguzi wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto waliipima simu ya mpwa wa Rusesabagina aliyekuwa akiishi naye nyumba moja huko Ubelgiji. Nayo ilikuwa imeingiliwa tangu mwaka 2020.